Kete Isiyosemewa

Sauti ya dadu ikigongagonga ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka hunirudisha Keza, kijiji nilikolelewa, nitake nisitake. Jioni hii anayelitikisa kopo ni binti yangu, hapa Nyamahanga nilikoolewa, nami ndiyo kwanza nimetoka kupalilia mihogo. Nimechoka, wasomaji wangu, uchovu wa mtu ambaye hata kuvua kandambili anaona kazi.

Shangazi Adela, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Nyumbani tulisema Kihangaza tu. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, na shuleni mimi nilikuwa bubu. Mwalimu akamwita Shangazi, akamwambia kwamba nisipofungua mdomo kabla ya shule kufungwa, nitarudia darasa la kwanza. Shangazi hakunikaripia. Alinunua karatasi ya ludo gulioni, akaibandika kwenye boksi kwa uji wa muhogo, kisha akaweka sheria: kete isiyosemewa kwa Kiswahili haitembei.

Jioni, akinuka udongo na jasho la shamba, alikaa nami jikoni tukisubiri maharage yaive. Nilipopata sita ya kwanza aliuliza, "Inakwenda wapi hiyo?"

"Inakwenda gulioni," nilijibu, jasho likinitoka.

"Halafu?"

Basi kete yangu nyekundu ikapeleka ndizi gulioni, ikapanda pikipiki, pikipiki ikapata pancha, dereva akagombana na mbuzi aliyelala njiani. Kila niliponyamaza, Shangazi alisema "Halafu?", macho ameyafumba, nami niliamini ameyafumba ili aione vizuri ile safari. Nikazidi kuongeza chumvi. Mara nyingi maharage yaliiva kabla hatujamaliza mchezo.

Siku za mwisho za muhula mwalimu aliniuliza nilifanya nini jana. Nilisimama, nikaanza na ndizi. Nilipofika kwa mbuzi akasema, "Inatosha, kaa chini." Darasa la pili nikaingia.

Miaka yote hii niliamini Shangazi alizipenda hadithi zangu. Leo nimeegemea ukuta, binti yangu anasema kete yake imefika mtoni na daraja halipo, na macho yanajifumba yenyewe. Ndipo naelewa kwamba Shangazi alikuwa nusu usingizini. Alikuwa amelima tangu alfajiri, nguvu zimemwisha, amebakiwa na neno moja tu, na hilo ndilo alilonipa kila jioni. Namwonea huruma, na roho inaniuma kwamba sikumwacha alale.

"Mama, umelala?"

"Halafu?" namjibu.