Spika Kwenye Kidaka

Nyumba yetu ya Kuze ina kuta nene za mawe, zenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea misahafu na vyombo. Niliponunua spika mbili ndogo za studio, nilizitia humo. Zilienea utadhani fundi wa zamani alizipima. Nikaziunganisha na kompyuta, nikafungua kasida aliyoisoma marehemu baba, ili niisafishe sauti.

Ikavuma kama pipa. Nikailaani maikrofoni, nikazilaani spika, nikampunguza baba besi, nikampunguza tena, hadi akasikika sawasawa. Nikaridhika, mpumbavu mie, nikaifuta rekodi ya asili.

Siku ya pili nilimpelekea shangazi, dada yake baba, huko Majengo, kwenye flashi. Redio yake ikatoa sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu kwenye simu mbovu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba aliyevuma ni ukuta, si baba. Kile kidaka ndicho kilichoongeza besi, nami nikaikata kwenye koo lake.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mashaallah," akasema. "Msomaji huyu ni nani, mwanangu?"