Mikono Yangu, Miguu ya Mwengine

Mimi ni mchora hina. Hilo lilinitosha kwa miaka kumi na mbili, mpaka siku niliyokwenda kwenye semina nikaambiwa kwamba sipo.

Semina ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo. Mwalimu, kijana wa suti iliyombana, alisema mtu aliyejiajiri asipojijengea jina mtandaoni, kwa dunia ya leo hayupo. Nikaandika kwenye daftari: sipo. Na asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka Kikwajuni kwa miguu, nimesimamishwa njiani na wanawake saba wananiuliza nna nafasi lini! Lakini nshalipia semina, nilitaka niambiwe nna ugonjwa.

Kilichonipeleka huko ni hoteli moja ya Jambiani. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwachora wageni hina kila Jumamosi. Niliwapigia, sauti laini ya kike ikaniuliza ukurasa wangu unaitwaje. Nikamwambia mie sina ukurasa, nna mikono. Akacheka kwa adabu, akasema nikipata wafuasi wa kutosha nipige tena. Nikaitaka kazi ile mpaka usingizi ukanipaa.

Basi nikaanza kujitengeneza. Kwenye ukurasa nikaandika: msanii wa urembo wa asili, mbunifu, mwanzilishi. Mama yangu akataka nimsomee.

"Mwanzilishi wa nini?" akauliza.

"Wa kazi yangu, mama."

"Ala! Kazi si nlikufundisha mie?"

Nikamwambia mambo ya mtandao hayajui.

Nembo nikaichora mwenyewe, ua la asumini. Kaka yangu akaitazama, akasema kaa huyo kanona, je nnauza supu? Picha nikapigwa barazani, kompyuta ya kuazima mapajani, haina chaji, nami nimekaza macho mbali kama mtu aliyeona mwezi wa Idi peke yake. Mzee wa nyumba ya pili akasimama na mkoba wake wa sokoni, akanipa hongera kwa kupata kazi benki.

Mwezi mzima wafuasi wangu walikuwa binamu zangu na muuza makava ya simu. Nilichora majani kwenye mkono wangu mwenyewe, nikaposti, nikachora tena. Kazi zangu nzuri zote zilikuwa kwenye vyumba ambavyo havioneshwi.

Maana biharusi wa kwetu huwekwa ndani. Akishapambwa haonekani na mtu wa nje mpaka siku anayotolewa ukumbini, na wanawake wa upande wa mume hukaa wanaingoja mikono yake. Mchora hina ni katika wachache wanaopita mlango ule. Nimeona mabiharusi wakilia, nimesikia mama na shangazi wakitoleana maneno ya chumbani, na siku zote nilitoka na koni zangu za hina na mdomo wangu umefungwa. Kumbe ndiyo sababu nikiitwa. Wachoraji wazuri kunishinda wapo tele, lakini mimi, ndivyo walivyokuwa wakisema, sina mdomo.

Alhamisi moja nikaitwa nyumba ya vichochoro viwili kutoka kwetu. Mama mwenye nyumba, mama wa biharusi, nimempa shikamoo tangu nikiwa na kamasi. Siku hiyo nichore mikono, kesho yake miguu. Nilichora vizuri, wallahi, sijapata kuchora vile. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia biharusi alikuwa na kovu la kuunguzwa na chuma cha chapati, nikalizungushia ua mpaka kovu likawa kitovu cha ua. Akapitiwa na usingizi, viganja wazi, hina inakauka.

Nikatoa simu.

Uso sikuupiga. Mikono tu! Nikajipongeza kwa ujanja wangu, nani atamjua mtu kwa mikono? Kisha, kwa kuwa akili nlishaiacha kwenye semina, nikaandika chini: angalieni nlivyoligeuza kovu kuwa ua.

Kabla ya alasiri watu walikuwa wanamiminika ukurasani. Nikamwita mama aje aone. Nikapiga hesabu ya Jumamosi zangu za Jambiani, nikachagua na baibui la kuvaa. Katikati ya sifa zile shoga mmoja wa biharusi, kwa mapenzi yake, akaandika: kovu hilo nalijua, hongera mwenzangu, na jina akalitaja. Magharibi picha ilishafika Maskati kwa shangazi wa bwana harusi, na Maskati ikarudi Unguja kwa simu zote za ukoo wa mume.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafunga koni za miguu. Mama wa biharusi akaingia bila hodi.

"Shikamoo."

Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Nlikupa mwanangu ndani," akasema. "Umemtoa nje wewe, kabla ya siku yake. Wakwe zake wamemuona simuni kama samaki wa mnadani."

"Bimkubwa, uso sikuuonesha."

"Umeonesha kovu!" Akazitazama koni zangu. "Miguu atachora mwengine."

Akatoka. Mama yangu alizikusanya zile koni moja moja akaziweka kabatini, na bora angenitukana.

Ukumbini sikwenda, ningekwenda na uso gani? Lakini Kikwajuni habari hazina haja ya mtandao. Biharusi katolewa, mikononi vijani vyangu vyembamba, miguuni maua makubwa ya mtu mwengine. Hakuna mwanamke wa mji huu asiyejua maana yake. Mkono wa mchoraji mmoja huanza na kumaliza, na ukiona miwili ujue pana jambo. Mashangazi wa mume, waliotakiwa wapige vigelegele, walikaa. Mmoja akasema, "Hiyo tushaiona." Wanasema biharusi alifumba viganja, akavilaza mapajani, na hakuvifumbua tena mpaka mwisho. Niliposikia hilo nikalia, na hadi leo nikilikumbuka najionea haya.

Ukurasa nikaufuta. Wiki iliyofuata, nambieni, nani kapiga? Ile sauti laini ya Jambiani. Wameiona mikono, wameipenda, mbona ukurasa haupatikani? Nikamwambia umekufa. Akasema pole, wakamchukua mwengine. Jina nililipata, lakini. Nilijulikana kuanzia Kikwajuni mpaka Michenzani kuwa ni yule wa mtandaoni. Mwalimu wa suti alituahidi jina litasambaa haraka, na siwezi kusema alinidanganya.

Wale wanawake waliokuwa wakinisimamisha njiani wakawa wananiamkia tu na kupita. Nilikwenda kuomba radhi. Mama wa biharusi alinisikiliza nimesimama kizingitini mpaka nikaishiwa na maneno, kisha akaurudisha mlango polepole. Tangu hapo kila nikikutana naye, dukani, kwa muuza muhogo, msibani, nilimpa shikamoo, naye akatazama pembeni. Nikawa nausemea mgongo wake. Muuza duka akanionea huruma.

"Mwache, utamchosha bure," akanambia.

"Mie nshachoka zaidi," nikamjibu, na kesho yake nikampa tena.

Idi tatu zikapita hivyo. Mchana mmoja, naosha vyombo, nikasikia hodi. Nikatoka na mapovu mikononi. Alikuwa yeye.

"Shikamoo," nikasema, kwa mazoea tu, sikutarajia kitu.

Akaniangalia mpaka nikakosa pa kuyaweka macho.

"Marahaba."

Ningekaa chini pale pale. Mwaka na zaidi nilikuwa nikilisubiri neno hilo, na lilipokuja sikujua nilifanyie nini.

"Mdogo wake yule biharusi tushamuweka ndani," akasema. "Nimemwambia wachoraji wako wengi. Hataki mwengine ila wewe." Akanyoosha kiganja. Nikaifuta mikono, nikachomoa simu na kumpa, naye akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mbili.

Nikaziendea koni kabatini, zilizokauka nikazitupa, nikajaza mpya. Tukavuka vile vichochoro viwili, yeye mbele mimi nyuma. Mlangoni pa chumba nikavua viatu, nikamuuliza kwa sauti ndogo:

"Leo mikono, Bimkubwa, miguu kesho?"

"Anza na miguu," akasema.