Nafasi Niliyoiuza Chini ya Theluji

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, mkimaliza mnisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, sinywi wala sivuti, tena mchana kweupe, Guangzhou.

Na mimi si mtu wa kutishika ovyo. Shule niliachia darasa la tano, nikaanza kutembeza soksi Kariakoo. Leo ingia soko la nguo la Shisanhang utaje jina langu, wenye maduka watakuvutia kiti. Xintang kwenye viwanda vya jinzi wananitambua kwa sauti tu. Sijisifu, nataka ujue aliyetetemeka siku ile ni mtu wa namna gani.

Kiwanda kimoja kinachonishonea majaketi ya waongoza watalii wa Kilimanjaro kilianza kutengeneza na vifaa vya kutafutana kwenye maporomoko ya theluji. Ni kidude kama redio ndogo, unakivaa kifuani kwa mikanda, ndani ya jaketi. Theluji ikikufukia, kinatoa mawimbi, na wenzako wenye vidude kama hicho wanayafuata mpaka ulipo. Nikautaka uwakala wa Afrika Mashariki yote. Bosi wa kiwanda akasema hampi asiyehudhuria mafunzo. Basi nikaenda. Yalifanyika kwenye jumba moja ambalo mashine zinamwaga theluji ndani, nje watu wanavuja jasho, ndani meno yanagongana.

Niliandamana na Shamte, Mzanzibari, rafiki yangu na mpinzani wangu wa biashara. Kichina anakijua kuliko mimi, ndiye aliyenitafsiria. Mwalimu wetu, Luo, alikuwa mtu mkimya, uso umebabuka kwa jua la milimani. Alitufundisha kwamba watu wasivuke mteremko wa theluji kwa mkupuo. Ukifukiwa, weka mikono mbele ya uso upate pa kupumulia. Hewa huisha upesi, kwa hiyo wenzako wakutafute palepale, wasikimbilie kutafuta msaada mbali. Na jambo alilolirudia mpaka likachosha: kifaa chako usimpe mtu.

Kisha akataka mtu wa kufukiwa, tujifunze kumtafuta binadamu na si gunia. Kila mmoja akatazama viatu vyake.

"Yakhe, si wewe simba wa Kariakoo?" Shamte akanichokoza. "Ingia basi!"

"Naingia. Nikipata uwakala utakuja kuniomba kazi."

"Utaganda kama jodari, tukakuuze sokoni Darajani."

Wengine wote wakatolewa nje wasione. Mwalimu akanilaza ndani ya shimo alilolichimba, akaliziba kwa mabonge ya theluji, akaacha nafasi ya kutosha kupumua na kugeuka. Akaondoka.

Giza la mle si jeusi, ni la kijivu. Nikasikia pumzi zangu. Halafu nikasikia pumzi nyingine. Kushoto kwangu, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa theluji. Niamini, nilibana pumzi yangu nihakikishe, na ile nyingine ikaendelea.

"Laoban," sauti ikaniita, yaani bosi, kama wanavyotuita sokoni. Kilichofuata kikawa Kiswahili safi. "Hicho ulichovaa, niuzie."

Nikajua ni Shamte, kanifichia simu humu anichezee. Na mfanyabiashara wa Guangzhou ukimwambia "niuzie", mdomo unajibu kabla ya kichwa. Huku tunapatana bei hata ya kiberiti.

"Utanipa nini?"

"Nafasi yangu."

"Nafasi yako ndiyo kitu gani? Ongeza."

"Sina kingine. Nikupe yangu, unipe yako, tumalizane."

Nikacheka. "Haya, chukua."

Mkono ukaja. Haukufungua zipu. Niliuhisi kifuani, ndani ya jaketi, unafungua kifungo cha mkanda, kisha kingine. Nikaudaka. Vidole vilikuwa vigumu kama samaki aliyetoka kwenye friza, na vikanitoka. Ile pumzi ikatoweka, na palepale ukuta wa kushoto ukanisogelea. Lile shimo lenye nafasi likanibana kama zege bichi. Mikono nilikuwa nimeishusha kupigania kile kidude, sikuweza tena kuirudisha usoni.

"Nimeghairi!" nikapiga kelele. "Nimeghairi, rudisha!"

Nikaanza Ayatul Kursi, niliyoihifadhi tangu mtoto, ikanipotea katikati.

Ya huko juu alinisimulia Shamte. Wote walifuata mawimbi mpaka pembe ya mbali, kwenye theluji iliyoshikana ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Mwalimu akacheka, akadhani wamekosea. Akatazama kifaa chake. Nacho kikaonyesha kule kule.

"Mwalimu, mtu wangu umemzika wapi?" Shamte akauliza.

Mwalimu akanyoosha kidole upande mwingine kabisa. Shamte hakusubiri, akakimbia na sepetu. Aliponitoa midomo yangu ilikuwa ya buluu, zipu imefungwa mpaka kidevuni kama nilivyoifunga, na kifuani hakuna kitu.

Waliochimba kule pembeni walikipata kidude. Mikanda imefungwa barabara, imezunguka uwazi mtupu kwenye theluji, umbo la kifua cha mtu aliyelala ubavu. Na kutoka pale, nyayo za miguu peku zikielekea mlango wa kutokea.

Mwalimu Luo akakaa chini kwenye theluji, akalia. Alitueleza kuwa zamani, katika milima ya magharibi ya China, poromoko liliwafukia yeye na mwenzake. Mwenzake alikuwa amemwazima mgeni kifaa chake. Hakuonekana hadi leo. Alikuwa mtu wa utani, akiwaita watu wote laoban, hata mlinzi wa mlango. Kiswahili alikitoa wapi? Sijui, na sitaki kujua.

Siku chache baadaye nikaenda Xintang. "Jana ulipita hapa hukusema neno," mwenye kiwanda kimoja cha jinzi akanilaumu. Jana sikutoka ndani! Nikajifanya kucheka. Kisha Mama Warda, mke wangu, akapiga simu kutoka Dar, ananong'ona.

"Baba Warda, uko wapi?"

"Guangzhou, nitakuwa wapi?"

"Basi huyu mwenye sura yako aliyekaa sebuleni ni nani? Nimempokea kwa mkono, mkono barafu. Anautazama mlango tu."

Nikamwambia atoke na watoto kwa mlango wa jikoni, aende kwa jirani. Nikapanda ndege ya kwanza niliyoipata. Nilipofika hakukuwa na mtu. Kiti changu kilikuwa kimelowa chapachapa.

Mtu huyo hajapatikana. Masheikh wamesoma, bado watu huniambia waliniona mahali nisipofika. Uwakala nilipewa, nikamwachia Shamte. Na mimi, niliyeijenga nyumba ile tofali kwa tofali, mke wangu hanifungulii mpaka nipitishe mkono kwenye nondo za mlango aushike, aone kama una joto. Simkasirikii.

Wewe unayekwenda kwenye theluji, kifaa chako kibaki kifuani mwako. Ukisikia pumzi pembeni ikikuuliza bei, usiijibu hata kwa utani. Na tukikutana popote, nitakuwa wa kwanza kukusalimu, kwa kelele, ndivyo nilivyo. Ukiniona nimekutazama kimya, huyo si mimi. Usinikaribishe ndani.