Filimbi ya Charo wa Randu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa Magarini na vitongoji vyake, wakulima, wachuuzi na wavivu, ya kwamba ndani ya mwili wa kila mmoja wenu, hata yule asiye na shati, limo jeshi la askari. Hawalali, hawadai likizo, wala hawakuajiriwa kwa kujuana. Kidudu kikipenya ngozi, mmoja hupiga filimbi na wote huja mbio. Wananchi mnaombwa mtulie.

Charo wa Randu hakulisikia tangazo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa askari, askari wa mchana, katika ghala la korosho. Mwaka huo wa 1986 mali yake ya kazi ilikuwa koti la kaki lililokosa vifungo viwili, rungu, na filimbi ya shaba aliyoivaa shingoni kama padri na msalaba wake. Usiku ghala lililindwa na Tsuma, mtu mpole ambaye aliwahi kumwomba mbele za watu wabadilishane zamu, maana umande ulimuumiza mgongo. Charo alikataa. Watu walisikia, na watu wa kwetu wakisikia kitu hawakitupi.

Charo alipiga filimbi kwa kila kitu. Aliwapigia ngedere, aliupigia upepo uliotikisa mabati. Siku moja akampigia mbuzi aliyeingia uani. Watu wakamiminika kutoka mashambani na majembe na mapanga, wasione mwizi, wakavunja mlango wa ghala kumtafuta ndani na kukanyaga magunia ya korosho. Mbuzi akaondoka zake akitafuna. Njoroge, msimamizi wa ghala, mtu wa bara, alimwuliza kwa nini hakuwazuia. Charo akaeleza kwamba alipuliza tena ili kuwazuia, ndipo wakaja wengine.

Mlango haukutengenezwa. Mwezi wa saba Charo akakanyaga msumari wa mlango huohuo. Akapaka ugoro, akafunga kitambaa, akasimama langoni siku nne, kwa kuwa kukaa nyumbani kulikuwa sawa na kumkabidhi Tsuma zamu. Siku ya tano akakutwa anatetemeka juani, koti limefungwa mpaka shingoni, anampulizia filimbi mtu asiyeonekana. Mkewe Nyevu na Dzombo, kaka wa Charo, wakampeleka zahanati juu ya kitanda cha kamba.

Ochola, tabibu wa zahanati, alimdunga sindano kwa siku mbili. Siku ya tatu mguu ulikuwa umenywea, usaha umekauka, na Charo ndiye aliyezidi kuwa mbaya. Mikono ya baridi, mapigo mepesi yanayokimbia, na tangu alfajiri hajakojoa hata tone. Dzombo akauliza, kwa adabu zote, iwapo vidudu vimeikataa dawa.

"Vidudu vimekufa karibu vyote," Ochola alisema. "Shida saa hii ni askari."

"Askari?"

"Askari wake. Wao ndio wanamuua."

Aliendelea kueleza, kwa Kiswahili chake cha mbio, kwamba askari hao wameona maganda ya maadui waliokufa wakadhani vita vingalipo, na sasa wanachoma nyumba ili kumtoa mwizi aliyekwisha kuzikwa. Wanawatambua maadui kwa jicho gani, hata Ulaya hawajajua. Kubwa ni kwamba Charo afike hospitali ya Malindi kabla ya jua kutua, la sivyo hatafika kokote. Gari la zahanati lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka uliopita. Wajitafutie njia.

Dzombo hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwisha toka na neno lake moja. Magarini nzima, Charo alikuwa na askari mmoja tu wa kumwita wake, na askari huyo, Tsuma, alikuwa akiitamani zamu ya mchana. Kila aliyekutana naye njiani alimwambia kwamba daktari mwenyewe amesema, tena ana koti jeupe. Kufikia adhuhuri walikuwa wanaume wanane na mapanga manane.

Nyevu, aliyebaki kusikiliza mpaka mwisho, alikuwa amekwenda upande mwingine kumweleza Tsuma habari ya Malindi. Tsuma akambembeleza Njoroge mpaka akaazimwa mkokoteni wa ghala, wa pekee uliokuwapo, amsukume Charo hadi barabarani yanakopita malori. Wanane walimkuta mbele ya nyumba yake akiutandikia magunia.

"Nampeleka Charo," alisema Tsuma.

Wakaelewa kaburini, wakaona amekiri. Walimvunja mkono, wakaukatakata mkokoteni, na vipande wakavichoma pamoja na makuti ya nyumba. Nyevu alipaza sauti kwamba jamani huyu siye. Waliosikia ukelele huo mashambani wakaja kusaidia kupiga.

Dzombo alirudi zahanati anatoka jasho, uso wa mtu aliyetenda wema.

"Daktari, yule askari tumemaliza kazi yake."

Ochola alikaa kitako juu ya sanduku la dawa. "Nilisema askari wa damu, mzee. Walio ndani ya damu."

"Damu imetoka," alisema Dzombo, bado anamhakikishia. Ilibidi aelezwe tena, polepole, mara mbili. Halafu akaanza kulifuta panga kwa shati lake, akafuta hata pale palipokuwa pasafi.

Tsuma akaletwa, akalazwa kitanda cha pili. Alimwomba Nyevu radhi. "Magunia nilikuwa nimeweka mawili, mumeo asiumie na mabonde."

Jua lilikuwa limekwisha geukia upande wa pili wa paa. Ochola aliisogeza filimbi kando ili amsikilize Charo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kilichokuwapo cha kusikilizwa. Hakuwa na dawa nyingine. Alitafuta la kusema.

"Mzee Charo, wewe ni askari. Watu wakiitwa bure, huwa unawarudishaje?"

Charo alifumbua macho.

"Hawarudi."