Vishikwambi Kwenye Wavu wa Omena

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Truphena Akoth anaweka kiganja kwenye mlango wa kabati la chuma, anafumba macho, midomo inacheza. Akishasema amina, anafungua kufuli na kuhesabu vishikwambi. Kumi na kimoja. Vyote vinawaka.

"Hata wewe ungeomba," anasema, "kama ungeona yaliyonipata mwezi uliopita."

Truphena, mwenye miaka 33, ni mwalimu mwanagenzi katika shule ya msingi karibu na Rodi Kopany, Homa Bay. Kwao ni Osiri, Kaunti ya Migori, ambako aliponda mawe ya dhahabu kwa miaka saba kabla ya kurudi kusoma masomo ya jioni, akiwa tayari mama wa watoto wawili. Kompyuta aliigusa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini.

"Niliogopa hata kuiwasha. Sasa watoto wa Gredi ya Nne wananikimbiza."

Alipofika hapa mwezi Mei, vishikwambi kumi na viwili vilikuwa vimefungiwa kabatini kwa miaka mitatu. Alimbembeleza mwalimu mkuu, Elijah Omollo, wiki mbili nzima.

"Nilimwambia, Nyar Migori, binti wa Migori, kimoja kikiharibika nafunga kabati na sifungui tena," anasema Omollo.

Wanafunzi 57 wakaanza kujifunza, watano watano kwa kifaa. Walipiga picha majani ya shambani, wakarekodi nyanya zao wakisimulia hadithi. Hata siku ya soko darasa lilijaa.

Kisha ikaja siku ya ukaguzi. Mkaguzi kutoka chuoni, Bi Milka Maranga, alitarajiwa saa nne, na alama zake ndizo zingeamua kama Truphena atahitimu. Truphena akawaomba watoto wasafishe vishikwambi, akakimbilia ofisini kuchapisha mpango wa somo.

"Nilisema, visafisheni vizuri, mgeni anakuja. Sikusema kwa kitambaa kikavu. Hilo kosa ni langu."

Watoto walivisafisha kama wanavyosafisha sufuria nyumbani mgeni akija: maji ya tangi, sabuni ya unga, wakasuuza mara mbili. Kisha wakavianika juani, safu kwa safu, juu ya wavu ambao mpishi wa shule hukaushia omena, dagaa wa ziwani.

"Vilikuwa vinang'aa, Mwalimu," anajitetea Lynnet, miaka kumi, na wenzake wanaangua kicheko.

Kumi na kimoja vilikataa kuwaka. Kimoja kilipona kwa sababu Lynnet alikuwa amekishika, akirekodi wenzake wakiosha. Wakati huohuo gari la mkaguzi likaingia langoni.

"Nilienda nyuma ya darasa nikaomba: Mungu, nipe la kufanya, usinipe la kusingizia."

Alimweleza mkaguzi kila kitu. Kisha akaunganisha kile kishikwambi kimoja na projekta, akaonyesha video ya kuosha. Somo la siku hiyo lilikuwa kuandika maelekezo, hatua kwa hatua.

"Simamisha hapo," Lynnet akasema. "Hapo Frankline alimwaga sabuni."

"Na sabuni uliileta wewe," Frankline akajibu.

Kila video iliposimama, watoto waliandika kilichopaswa kufanywa. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

"Nimekagua walimu miaka kumi na minane," anasema Bi Maranga. "Sijawahi kuona watoto wakigombania kuandika." Truphena alifaulu.

Omollo alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Nilikuja kufunga kabati. Nikawasikia wakisomeana sheria walizoandika wenyewe. Sasa ningefunga nikiwaambia nini?"

Alileta mchele kutoka nyumbani kwake, vishikwambi vikafukiwa humo siku nne. Kumi vikaamka. Kimoja hakikuamka, kimetundikwa ukutani darasani, na chini yake watoto wameandika: KITAMBAA KIKAVU. Ufunguo wa kabati sasa anakaa nao Truphena.

Atahitimu Desemba, na ameomba kupelekwa shule ya kwao Osiri, ambako watoto wengi huacha darasa kwenda kuosha mchanga wakitafuta dhahabu.

"Namwomba Mungu anifikishe na vishikwambi hata vitano," anasema, akikabidhi cha kwanza kwa Lynnet. "Wale mikono yao imezoea maji kuliko hawa. Siku ya kwanza, kabla hata ya kusema jina langu, nitainua kimoja juu niwaambie: hiki, wanangu, hakioshwi."