Kalamu Iliyokuwa Mfukoni mwa Twiga

Saa tatu asubuhi, mwanamume mrefu amelala chali kwenye vumbi nyuma ya ghala la mafuta, anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Nakufa jamani! Nakufa na chai sijanywa!"

Kuruta amepiga magoti kando yake, mkanda wa kuzuia damu mkononi. Mguu wa kulia wa majeruhi unaishia juu ya goti, na hapo unapoishia rangi nyekundu inatiririka kutoka kwenye kichupa kilichofichwa ndani ya suruali. Wenzake wawili wanagonga mifuniko ya masufuria ili wamchanganye.

"Vuta! Kaza! Zungusha kijiti!" anaamuru sajini, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mbili.

Mkanda unakaza paja. Rangi inakatika. Kuruta anavua koti lake, analikunja, anamwekea majeruhi chini ya kichwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Saa ngapi?"

Kuruta anakodoa macho. Hakuandika saa.

"Mfungue. Anza upya."

"Afande, hii mara ya nne!" analalamika majeruhi. "Na mapaja yenyewe nimebakiwa na moja na nusu."

Wote wanaangua kicheko, isipokuwa sajini.

Pale kambini wanamwita Saa Ngapi. Ni tabibu wa jeshi kwa miaka kumi na tisa, na miaka saba ya mwisho anafundisha wanaojiandaa kwenda mstari wa mbele na mkoba wa dawa wa kilo kumi na nane mgongoni. Ana wiki kumi na nne tu za kukaa nao.

Anawafundisha kwanza kutokimbilia majeruhi kama kipofu, maana tabibu akipigwa wamekuwa wawili. Halafu damu, halafu pumzi, halafu baridi. Anawafunga vitambaa machoni wafunge mkanda kwa kupapasa, kisha wajifunge wenyewe kwa mkono mmoja.

"Anayetokwa na damu anasikia baridi hata kwenye jua la utosi," anasema. "Mfunike. Mwite kwa jina lake. Mtu akisikia jina lake anajikaza kidogo."

Lakini hakuna anachokisisitiza kama saa. Mkanda unaookoa uhai unakata damu isifike mguuni. Ukikaa muda mrefu mno, mguu unakufa, na kuufungua mkanda kunaweza kumwua majeruhi. Kwa hiyo saa ya kufunga huandikwa kwenye paji la uso la majeruhi, daktari aione kabla hajauliza. Kila kuruta wake huvaa kalamu ya wino mnene shingoni, kwa uzi. Haazimwi mtu.

Yule majeruhi wa mazoezi wanamwita Twiga. Alikuwa askari, na golikipa wa kikosi. Sasa ni fundi cherehani mjini, na kila Jumanne hufunga duka lake na kuja kulala kwenye vumbi bila malipo.

"Cherehani halitaki miguu miwili," anasema, akijifuta rangi. "Na nina kiatu kipya cha kulia kimekaa tu kabatini. Ukimjua anayekihitaji, mtume kwangu." Kisha anamwelekezea sajini kidole. "Huyu dada ndiye sababu binti yangu ana baba."

Dada anageuka, anahesabu mikanda ambayo ameshaihesabu.

Baadaye, ndani ya chumba cha stoo, sajini anafunga mlango na kumsimulia mwandishi wa habari hizi jambo ambalo kwa miaka tisa amemwambia mama yake tu.

Siku aliyoumia Twiga, kabla hakujapambazuka na hawajaondoka, Twiga alimwomba sajini kalamu. Usiku alikuwa amepigiwa simu kwamba mkewe amejifungua. Akaandika jina la mtoto ndani ya kofia yake, akawaonyesha wote, na kwa furaha akaitia kalamu mfukoni mwake.

Mapigano yalianza alfajiri. Saa sita mchana Twiga akapigwa mguuni. Sajini alimfunga mkanda kabla dakika haijaisha, akapeleka mkono mfukoni mwake. Hakuna kalamu. Majeruhi wengine wawili walikuwa wanamwita.

"Nilimwambia dereva wa gari la majeruhi, mwambie daktari ni saa sita na dakika kumi. Akaitikia. Ningeweza kuandika hata kwa damu iliyokuwa mikononi mwangu. Leo nafundisha hivyo. Siku ile sikufikiria."

Njiani gari lilipasuka gurudumu. Majeruhi wakahamishiwa lori jingine, lenye dereva mwingine. Walipofika hospitali saa nane, daktari akauliza mkanda ulifungwa saa ngapi. Dereva yule akajibu alichokijua: "Wanapigana tangu alfajiri."

Daktari akahesabu kwamba mkanda umekaa muda wa saa nane. Zilikuwa saa mbili tu. Akaukata mguu ili aokoe uhai.

"Daktari hakukosea. Alihesabu alichopewa. Baadaye nilimuuliza kama mguu ungepona. Akaniambia, huenda. Hiyo 'huenda' nimelala nayo miaka tisa."

Alidhani kalamu ilidondoka porini. Miezi miwili baadaye, kwenye baraza la hospitali, Twiga alimjia na magongo yake, akatoa kitu mfukoni. "Nisamehe afande, nimekaa na kalamu yako." Sajini akaipokea. Akasema asante.

"Nikimwambia kosa langu, lazima nimwambie kalamu ilikuwa wapi," anasema. "Sasa nimpe na hilo alibebe?"

Alimwomba mwandishi wa habari hizi asichapishe kitu mpaka yeye mwenyewe amwambie Twiga. "Asije akasoma gazetini kama mtu baki."

Akaenda Jumamosi. Alimkuta akikunja pindo la sare ya shule ya binti yake. Akamweleza yote akiwa amesimama. Cherehani halikusimama mpaka pindo likaisha.

"Kumbe ulipoitafuta nilikuwa nayo mimi," Twiga akasema.

"Si kosa lako. Ni langu, mdogo wangu."

"Jumanne usinitarajie, dada." Halafu akasema, "Ila vijana waambie. Waambie yote, na ya kalamu pia."

Jumanne, nyuma ya ghala, sajini alitandika blanketi la Twiga mahali pale pale. Akalala kuruta mmoja mwenye miguu yake miwili. Hakuna aliyelilia chai. Aliwasimulia yote kama alivyoruhusiwa, na alipomaliza yule kuruta wa koti akamletea kikombe cha maji, akarudi kwenye nafasi yake.

Sajini anasema atarudi dukani Jumamosi. Anaonyesha gwanda lake: kifungo cha juu hakipo. Tangu zamani Twiga ndiye anayemshonea nguo zake.

"Kimekatika?" anaulizwa.

"Nimekikata mwenyewe," anasema. "Akilipokea gwanda, nitakaa nimngoje amalize. Asipolipokea, nitarudi Jumamosi nyingine." Anapitisha kidole kwenye vilivyobaki, kimoja kimoja, mpaka chini. "Bado vipo vitano."