Pasipoti Chini ya Mashuka

Mdogo wangu alipotua uwanja wa ndege wa Arlanda, hapa Stockholm, mwezi wa kumi na moja, alinisalimu, kisha akatoa pasipoti yake akanikabidhi. Sikuwa nimemwomba. Nilidhani ni heshima, maana tangu wazazi wetu wafariki, vyeti vya sisi sote watano nilivitunza mimi. Niliacha shule darasa la sita ili niwalee wenzangu, na makaratasi yao yalikaa kwangu. Tulipofika kwangu, mtaa wa Rinkeby, nikaifungia kabatini, chini ya mashuka.

Alitoka Kuwait, ambako aliendesha lori la maji. Kwa hesabu yake, alikuja likizo ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumtafutia nafasi kwenye darasa la Kiswidi la wageni, na msimamizi wetu wa kazi ya usafi alikubali kumwona. Habari ya viza nilisema tutaiona mbele. Miaka sita nilikuwa nimeishi mji huu bila ndugu hata mmoja, na nilitaka abaki.

Hatukutulia. Yeye aliamka saa kumi alfajiri, kama kazini kwake, ambako lori lazima lijazwe kabla jua halijakaza. Saa sita mchana alifunga mapazia akalala, na huku nje mvua ya barafu inanyesha. Nilipomcheka alisema huko mchana mji mzima hufungwa, watu hutoka tena alasiri. Mgeni utamjua kwa kuwa ndiye peke yake aliye barabarani saa nane, anatembea amejibana ukutani akifuata kivuli. Akanisimulia chumba chao cha watu wanane, kiyoyozi kinachonguruma kuliko lori, na Ijumaa, siku ambayo watu wa kwetu hukusanyika nyuma ya soko ili tu wasikie Kiswahili. Nilimsikiliza huku nikizunguka jikoni, nikitafuta upenyo wa kuingiza habari ya darasa.

Wiki ya pili nikamwambia. Akanieleza kwa nini hawezi kubaki. Huko pasipoti za wafanyakazi huziweka tajiri, mwenye kazi; huzichukua palepale uwanja wa ndege ukitua. Ukitaka likizo, mwenzako aweke saini kwamba utarudi. Usiporudi, yeye hapewi likizo yake mpaka mkataba uishe. Aliyemwekea saini ni dereva mmoja wa Mombasa, ambaye mkewe amejifungua na hajamwona mtoto.

Nilijibu kwamba huyo wa Mombasa ni mtu mzima, atajua la kufanya. Nilijisikia vibaya hata kabla sijamaliza kusema. Siku zilizofuata nilimkwepa. Nilitoka mapema kwenda kazini, na wakati wa kurudi niliipita stesheni yetu ya treni, nikashuka ya mbele na kurudi kwa miguu. Alipoulizia pasipoti nilisema nitaitafuta.

Zilipobaki siku mbili asafiri, alisimama mlangoni mwa jikoni.

"Dada, naomba pasipoti yangu."

"Kula kwanza."

"Tajiri naye husema hivyohivyo. Kunywa chai kwanza."

Hakukasirika. Alikuwa karibu kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamuuliza, mbona pale uwanjani alinipa mwenyewe?

Akatazama kiganja chake. "Mazoea, Dada. Nikishuka kwenye ndege, mkono unatoa wenyewe."

Nilikwenda kabatini. Niliivuta kwa haraka hata mashuka yakaanguka sakafuni, nikayaacha hapo. Aliipokea, akaifungua kwenye picha, akaitia mfuko wa shati.

Kwenye basi la uwanjani nilimuuliza mara tatu kama amechukua skafu. Alisema huko anakokwenda skafu wataifanya kitambaa cha kufutia kioo cha lori. Tulipofika nikamwambia mwakani nitakwenda mimi kumtembelea.

"Njoo," alisema. "Lakini ukitua, usimpe mtu pasipoti yako."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akapita kwenye lango la ukaguzi akiwa ameishika mkononi. Nilisimama palepale mpaka basi la kwanza la kurudi mjini likaondoka, na la pili.